Mlo wa 40-30-30 na kupunguza wanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huu ni mwaka wa tatu nakula hivi na maswali ninayoulizwa ni yale yale, kwa hiyo nimeyakusanya yote hapa na kuyajibu kwa urefu. Mi si daktari, ni mtu niliyesoma sana na kujaribu mwenyewe, na nimeona mwili wangu ulivyobadilika. Kwenye mambo ya ugonjwa ntakuambia wazi uende kwa daktari, na tafadhali uende kweli.

40-30-30 maana yake nini hasa?

Ni asilimia za kalori zako za siku: 40 zitoke kwenye wanga, 30 kwenye protini, 30 kwenye mafuta. Ni asilimia za kalori, sio za uzito wa chakula, na hapa ndo wengi wanapotea, wanagawa sahani mafungu matatu afu fungu moja zima ni mafuta. Gramu 1 ya wanga ina kalori 4, protini pia 4, lakini mafuta yana kalori 9, kwa hiyo mafuta kidogo tu yanajaza asilimia zake haraka. Chukua mtu anayekula kalori 1500 kwa siku: wanga ni gramu 150, protini kama gramu 112, mafuta gramu 50. Gawanya kwa milo mitatu utapata wanga gramu 50, protini 37 na mafuta 17 hivi kila unapokaa kula, na ukitaka kukumbuka kirahisi, kwa kila gramu 4 za wanga weka gramu 3 za protini.

Uwiano huu ulipata umaarufu mwaka 1995 mwanabiokemia wa Marekani, Barry Sears, alipoutangaza kwa jina la Zone. Baadhi ya aliyoyasema kuhusu homoni wataalamu wengine hawakuyakubali, lakini uwiano wenyewe unaweza kuutumia bila kukubaliana naye kwenye kila kitu, mimi natumia hivyo.

Unapunguzaje uzito sasa? Ni kwa sababu ya insulini, ile homoni inayoshusha sukari ya damu?

Uzito unapungua kwa sababu unakula kalori chache kuliko unazotumia, hamna njia ya kuzunguka hilo. Swali la maana ni kwa nini unaweza kula kidogo bila kuteseka, na jibu lake ni njaa. Protini inashibisha kuliko wanga na mafuta, na mwili unatumia nguvu nyingi kuisaga, yaani kati ya kalori 20 na 30 katika kila 100 za protini zinaishia kwenye kazi ya kuimeng'enya na kuichakata, wakati kwa wanga ni 5 hadi 10 na kwa mafuta hazifiki hata 3. Afu wanga ukipungua, na uliobaki ukawa na nyuzinyuzi, sukari ya damu haipandi kwa kasi na kushuka kwa kasi, na kule kushuka kwa watu wengi ndo kunaleta ile njaa ya ghafla masaa mawili au matatu baada ya kula.

Mimi kabla ya hapa nilikuwa nakula mchana nashiba vizuri kabisa na ikifika saa kumi natafuta kitu kitamu kama mtu aliyekuwa amefunga, nikawa najiona sina nidhamu. Nilipoongeza protini mchana hiyo njaa ya saa kumi ilikata ndani ya wiki mbili. Sikuwa nimekosa nidhamu, chakula cha mchana ndo kilikuwa hakijakaa sawa.

Hii ndo keto?

Hapana. Keto wanga ni chini ya gramu 50 kwa siku, mara nyingi hata 20, mpaka mwili uanze kutumia ketoni, yaani nishati ambayo ini linaitengeneza kutoka kwenye mafuta (hali hiyo ndo ketosisi). Hapa bado unakula gramu 150 hivi, huingii kwenye ketosisi, na unaruhusiwa matunda na maharage bila hofu. Huu ni mlo wenye wanga kiasi.

Sina mzani wa jikoni na sitaki kuhesabu. Nitapimaje?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote kwa sababu watu wengi wanaacha wiki ya kwanza kwa uchovu wa hesabu, na hesabu zenyewe sio lazima. Tumia mkono wako, unatembea nao kila mahali na umeendana na ukubwa wa mwili wako.

Kiganja bila vidole, kwa upana na unene wake, ndo kiasi cha nyama, kuku au samaki kwa mlo mmoja. Ni kama gramu 100 zilizopikwa na zinakupa protini gramu 25 hadi 30. Wanaume wengi wanahitaji kiganja kimoja na nusu. Ngumi moja ndo kiasi cha wali, viazi au tambi, na ngumi iwe ya kawaida sio kilima. Kidole gumba kimoja ndo mafuta ya kuongeza, yaani mafuta ya kupikia, siagi ya karanga au siagi ya kawaida. Mboga ambazo si za wanga, za majani, nyanya, matango, bilinganya, kabichi, karoti kidogo, hizo jaza nusu ya sahani na ukitaka ongeza tena. Basi, hiyo ni sahani nzima.

Sa sikiliza, kwa wiki moja tu, ukiweza, azima mzani upime kweli. Sio kwa ajili ya kuhesabu maisha yako yote, ni kwa ajili ya kufundisha macho. Karibu kila mtu niliyemshauri hivi alishtuka na vitu viwili: mafuta anayomimina kwenye sufuria ni mengi mara tatu ya alivyodhani (kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori 120 hivi), na protini yake ni kidogo sana. Yai moja kubwa lina protini gramu 6 tu, kwa hiyo asubuhi mayai mawili na chai ni gramu 12, na wewe unatafuta zaidi ya 30. Hapo ongeza yai la tatu na kikombe cha mtindi usio na sukari, au samaki aliyebaki jana, hamna sheria inayosema asubuhi hailiwi samaki.

Kwa hiyo wali na mkate niache kabisa?

Usiache. Punguza na upange. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga gramu 45 hivi, ambayo ni karibu mgao wako wote wa mlo mmoja, na tatizo ni kwamba wengi wetu tunapakua vikombe viwili au vitatu bila kuona. Slesi moja ya mkate ina gramu 13 hadi 15, kwa hiyo slesi mbili na tunda moja tayari umefika.

Ubora nao unahusika. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake kule Toronto walitoa kipimo cha kuonyesha chakula fulani kinapandisha sukari ya damu kwa kasi kiasi gani, na tokea hapo tunajua kwamba wanga wote haufanani: dengu na maharage yanapandisha polepole, mkate mweupe na viazi vilivyopondwa vinapandisha haraka. Ila usikishike hicho kipimo kama sheria, maana kinapimwa kwa chakula kikiwa peke yake na wewe hauli wali mkavu, unakula na mboga na nyama na mafuta na vyote hivyo vinapunguza kasi. Nafaka zisizokobolewa ni bora zaidi kwa sababu ya nyuzinyuzi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Watu wakipunguza wanga wanapunguza na hizi bila kujua, halafu wanalalamika tumbo.

Kama unataka kuanza na kitu kimoja tu, anza na vinywaji. Kopo la soda la mililita 330 lina sukari kama gramu 35, unakunywa dakika tano na halikushibishi hata kidogo. Kuna watu wamepungua kilo kadhaa kwa hilo tu kabla hata hawajagusa sahani.

Maharage ni protini au ni wanga? Kila mtu ananiambia lake.

Ni vyote viwili. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina protini gramu 15 na wanga gramu 40, lakini kati ya hizo 40 kama 15 ni nyuzinyuzi ambazo hazigeuki kuwa sukari. Kwa hiyo kwa upande wa wanga na protini maharage peke yake yamekaribia uwiano wetu, yanapungukiwa protini kidogo tu. Kosa linakuja pale mtu anayahesabu kama "nyama" afu anaweka na ngumi mbili za wali pembeni, hapo wanga umezidi na protini bado haijatosha.

Ukila maharage, punguza wali uwe nusu ngumi na ongeza kitu chenye protini nyingi, yai, samaki kidogo, mtindi. Wasiokula nyama kabisa wanaweza kufuata mpango huu, inataka fikra zaidi ila inawezekana: mayai na maziwa kama unatumia, tofu, soya, dengu, karanga kwa kiasi. Usijilazimishe kufika 30 kamili. Ukifika asilimia 25 ya protini na unashiba vizuri, uko sawa.

Matunda je, si yana sukari?

Yana, na yaliwe. Ndizi moja ya wastani ina wanga gramu 27, chungwa ni kama 15. Kula tunda zima pamoja na mlo au na karanga chache, na juisi iache hata kama umekamua mwenyewe nyumbani, maana glasi moja inabeba machungwa matatu au manne bila nyuzinyuzi zake.

Nilipungua kilo 3 wiki ya kwanza halafu basi. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Naomba usome hapa kwa makini kwa sababu hapa ndo watu wanakata tamaa na inaniuma. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu yake inashikilia kama gramu 3 za maji. Ukipunguza wanga akiba inapungua na maji yanatoka, ndo maana mzani unashuka kwa kasi mwanzoni. Kilo hizo nyingi zilikuwa maji. Wiki ya pili na ya tatu ndo unaanza kuona kasi halisi ya mafuta, ambayo kwa mtu wa kawaida ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, na kuna wiki itakuwa sifuri. Na siku ukila wali mwingi kwenye sherehe kesho yake mzani utapanda kilo moja au mbili, hayo nayo ni maji yamerudi, sio mafuta, usilie.

Jipime mara moja au mbili kwa wiki, asubuhi, baada ya kutoka chooni kabla hujala, afu linganisha mwezi kwa mwezi. Pima na kiuno kwa utepe. Mimi kuna mwezi mzima mzani haukusogea na kiuno kilipungua sentimita 3, ningeangalia mzani peke yake ningeacha.

Kama ni wiki sita au nane hamna kinachosogea, si mzani wala kiuno, hapo angalia upya kiasi. Mara nyingi ni mafuta ya kupikia, karanga za kutafuna tafuna, na vile vijiko vya kuonja jikoni. Karanga gramu 30, yaani konzi moja, zina mafuta gramu 14, ni chakula kizuri sana lakini konzi nne ni mlo mwingine kamili. Kumbuka pia mwili uliopungua unahitaji kalori chache kuliko ule wa mwanzo.

Kichwa kinauma na choo kimekuwa kigumu, ni kawaida?

Siku chache za mwanzo inatokea, hasa kama ulikuwa unakula wanga na sukari nyingi. Kunywa maji, mboga zisipungue nusu sahani, tembea. Choo kigumu karibu kila mara kinamaanisha mboga, maharage na maji havitoshi. Ikizidi wiki mbili, au ukipata maumivu makali ya tumbo, kizunguzungu au damu kwenye choo, nenda hospitali.

Mafuta gani nitumie?

Mengi yatoke kwenye samaki, karanga na mbegu, parachichi, mafuta ya zeituni, alizeti au mimea mingine ya aina hiyo. Nusu ya parachichi ina mafuta gramu 15 hivi, kwa hiyo ukiiweka mezani huhitaji kuongeza mengine. Mafuta ya nyama, siagi na nazi yawe kidogo, na vitu vya kukaangwa kwenye mafuta yaliyorudiwa rudiwa viache. Kupunguza wanga hakukupi ruhusa ya kula mafuta yoyote unavyotaka, kolesteroli yako inaona kila kitu.

Nina kisukari, naweza kuanza leo?

Usianze leo. Anza ukishaongea na daktari wako, na sisemi hivi kwa kutimiza wajibu. Kama unatumia insulini, au vidonge vya kundi la glibenklamidi au glikilazidi, dozi yako ilipangwa kwa wanga uliokuwa unakula zamani. Ukipunguza wanga ghafla na dozi ikabaki ile ile sukari inaweza kushuka vibaya. Dalili ni kutetemeka, jasho, moyo kwenda mbio, njaa kali, kuchanganyikiwa, na kipimo kinaonyesha chini ya 4 kwa mmol/L, au 70 kwa mg/dL. Hapo hapo kula au kunywa sukari ya haraka gramu 15, pima tena baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini. Aliyepoteza fahamu asipewe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Wapo pia wanaotumia dawa zinazotoa sukari kupitia mkojo, majina yake huishia na "gliflozin". Kwao kupunguza wanga kupita kiasi kunaweza kuleta hali ya hatari ya asidi kwenye damu, hata kama sukari haionekani kuwa juu sana.

Habari njema ni kwamba kupungua uzito na kupunguza wanga kunaweza kusaidia sana kisukari cha aina ya pili, na watu wengine wanapunguziwa dawa. Ila anayepunguza dawa ni daktari. Hivyo hivyo kwa wenye presha: uzito ukishuka presha inaweza kushuka, na dawa ile ile ikawa kali kwako, pima mara kwa mara.

Na wenye figo, wajawazito, wanaonyonyesha?

Mwenye ugonjwa wa figo asifuate kiasi hiki cha protini bila mtaalamu, anaweza kuhitaji kidogo zaidi ya nusu yake tu. Mjamzito huu si wakati wa kupunguza uzito. Anayenyonyesha anahitaji kalori za ziada, subiri au uende polepole sana ukiwa na ushauri. Na kama umewahi kupambana na tatizo la kujinyima chakula au kula na kujitapisha, tafadhali kaa mbali na mipango ya kuhesabu asilimia, tafuta msaada wa mtu anayejua.

Ni bora kuliko dayati nyingine?

Ntakuambia ukweli ingawa naipenda: kwa kilo, tofauti ni ndogo. Mwaka 2005 ulitoka utafiti Marekani wa watu 160 waliogawanywa kwenye dayati nne: Atkins (wanga kidogo sana), Zone (hii yetu), Weight Watchers (kupunguza kalori) na Ornish (mafuta kidogo sana). Baada ya mwaka mmoja wa Zone walikuwa wamepungua wastani wa kilo 3.2, wa Ornish 3.3, Weight Watchers 3, Atkins 2.1. Kilichotofautisha watu ni nani alifuata mpango wake. Mwaka 2009 ukaja mwingine wa watu 811 kwa miaka miwili wenye viwango tofauti vya mafuta, protini na wanga, matokeo yakakaribiana. Na 2018 watu 609 wakala ama mafuta kidogo au wanga kidogo, wote chakula kizuri kisichochakatwa sana, mwaka ukaisha kilo 5.3 kwa 6, tofauti isiyo na uzito.

Angalia hizo kilo, ni chache, na hizo ni wastani, ndani yake kuna waliopungua sana na walioongezeka. Kwa hiyo mtu akikuahidi kilo 10 kwa mwezi mmoja kimbia. Mi nimebaki hapa kwa sababu ndo mpango pekee ambao sisikii njaa na bado nakaa meza moja na familia nikala walichopika. Kama wewe unakula mafuta kidogo na unaendelea vizuri, endelea hapo hapo.

Nikila nje au kwenye sherehe nifanye nini?

Anza na protini na mboga, wali uje mwisho, utajikuta unachukua kidogo wenyewe. Kitindamlo kama unakipenda kweli kula, kama hukipendi usikile kwa sababu tu kipo. Mlo unaofuata rudi kwenye sahani yako ya kawaida, usijiadhibu kwa kushinda na njaa.

Mazoezi ni lazima?

Kupungua unaweza bila mazoezi, ila misuli itapungua pamoja na mafuta. Mazoezi ya nguvu mara mbili kwa wiki pamoja na hiyo protini ndo yanalinda misuli. Kutembea kila siku ni nyongeza nzuri sana.

Nifuate mpaka lini?

Ukifika uzito unaotaka ongeza chakula taratibu, nusu ngumi ya wanga au tunda moja kwa siku, kaa wiki mbili uangalie kiuno, ongeza tena mpaka usimame. Uwiano mimi sijauacha, kiasi ndo kimeongezeka.

Watoto wangu wale hivi pia?

Wale chakula hicho hicho kwa maana ya mboga, protini ya kutosha na soda chache, lakini wanga wao usiupime wala usiupunguze, wanakua. Kama uzito wa mtoto unakutia wasiwasi mpeleke kwa daktari wa watoto, na usiuzungumzie mwili wake mezani mbele ya wenzake.